Bima Mbili, Shamba Moja

Alvina Dreiling alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na macho yasiyopepesa, na kazi yake ilikuwa kuhesabu mabua ya ngano yaliyovunjika. Mtu wa mjini akisikia hivyo hucheka. Kwetu magharibi mwa Kansas hakuna anayecheka. Mvua ya mawe ikishapita, mkulima husimama ukingoni mwa shamba lake, kofia mkononi, kama aliyefiwa, na mtu anayemngoja ni Alvina na pikapu yake nyeupe iliyojaa matope mpaka kwenye vioo.

Hakuzaliwa mkaguzi. Kwa miaka mingi alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya mji wetu mdogo wa Pardee, na watoto aliowalisha tambi za kuku ndio wakulima aliokuja kuwakagulia baadaye. Kumdanganya kulikuwa kazi bure. Alijua nani alikuwa akificha karoti mfukoni. Shule yetu hufungwa majira ya joto, na Alvina hakuwa mtu wa kukaa mikono mapajani. Shemeji yake Ambrose ndiye aliyekuwa akikagua mashamba kwa niaba ya kampuni ya bima, na magoti yake yalipogoma kuinama akamwambia, "Shemeji, njoo uwe magoti yangu." Akaenda kuwa magoti, akaishia kuwa kichwa pia.

Ambrose alimfundisha mengi, na kubwa kuliko yote lilikuwa hili: usile mezani kwa mkulima kabla hujamaliza kuhesabu. "Ukila kwanza," alimwambia, "pai ndiyo itakayohesabu." Alvina akaishika sheria hiyo kuliko alivyozishika za padri. Aliweza kushinda shambani jua likimpasua utosi, mama mwenye nyumba amtolee pai ya cheri inayofuka moshi, naye aseme, "Bado, mama. Iweke." Akishamaliza, ataketi, atakula vipande viwili, na ataisifia kwa sauti. Kaunti nzima ikajua. Mtu akitaka habari za shamba la fulani hakuuliza kampuni wala ofisi. Aliuliza, "Alvina amekula?"

Sasa hapa pana jambo ambalo lazima lieleweke, nami nitalisema upesi kwa sababu hata kulisema kunanichosha. Mkulima wa kwetu ana bima mbili juu ya ngano ile ile. Ya kwanza ni bima ya mvua ya mawe. Bei yake na maneno yake husimamiwa na Topeka, makao makuu ya jimbo, ambako kuna kamishna wa bima tunayemchagua wenyewe kwa kura. Huyo huja kwenye maonyesho ya kaunti, hushika watu mikono, hula soseji, na kampuni ikikuzungusha unapiga simu ofisini kwake anaivuta sikio. Ya pili ni bima ya mavuno. Hiyo unauziwa na wakala yule yule, juu ya meza ile ile, lakini mwenyewe yuko Washington. Serikali kuu ndiyo iliyoandika kila nukta yake, na Topeka haina ruhusa hata ya kuikoholea. Bima ya mawe ni kiraka. Hii ya Washington ndiyo nguo yenyewe, maana benki haimpi mkulima mkopo wa msimu bila hiyo. Alvina alizikagua zote mbili, kwa macho yale yale na buti zile zile. "Nina kofia mbili na kichwa kimoja," alikuwa akisema, "na zote zinabana."

Jirani ya Alvina na mumewe, uzio kwa uzio, alikuwa Orlin Koehn. Orlin na mkewe Twila walikuwa Wamenoni, watu wa kanisa lisiloapa, lisiloshika silaha, wala kumpeleka mtu mahakamani hata akiwa amekuibia ng'ombe mchana kweupe. Akina Dreiling ni Wakatoliki, watu wa bia na ngoma za kodiani. Leland, mume wa Alvina, na huyo Orlin walikuwa wametaniana tangu ujana.

"Orlin, siku utakayokunywa bia na mimi nitabatizwa upya," Leland alikuwa akimwambia.

"Maji ninayo, Leland. Shida ni kama bwawa litatosha dhambi zako."

Mwaka ninaousimulia, Orlin alikuwa hoi. Ukame wa miaka miwili ulikuwa umemkausha yeye na shamba. Shamba lenyewe alilikodi kwa mwanamke aliyehamia Denver, na benki ilikwisha kumwambia bila kuuma maneno: mwaka huu ulipe, au mwakani usije. Majira ya kuchipua yakawa mazuri, ngano ikasimama hadi kiunoni, Orlin akaanza kupiga mluzi tena. Kisha mwishoni mwa Mei wingu la kijani likaja kutoka magharibi, na kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa ngano yote ikalala chini. Ng'ombe wa maskini hazai.

Alvina alikuja Alhamisi. Alihesabu siku nzima, Orlin akimfuata nyuma, na jioni akamaliza. Akaingia ndani, akanawa, akaketi mezani, na Twila akamkatia pai. Alikula vipande viwili, kama desturi. Alipofuta mdomo akawaambia waziwazi, "Hii niliyomaliza ni ya mawe tu, hiyo ya Topeka. Ya Washington bado. Sheria yao inasema ngano ipewe siku kadhaa ijitazame, kama itafufuka au itakufa kabisa, ndipo nirudi. Msiiguse mpaka nirudi. Wala jani."

"Sitaigusa," alisema Orlin.

Na Orlin hakuigusa. Jumamosi asubuhi alianguka kwenye zizi, kiharusi. Helikopta ikamchukua mpaka Wichita, Twila akiwa naye, na nyumba ikabaki na paka. Siku hiyo hiyo Alvina aliitwa kaunti nyingine kaskazini, ambako mawe yalikuwa yamepiga vibaya zaidi, akalala nyumba ya wageni wiki nzima, akitoka alfajiri na kurudi akiwa hajiwezi. Alimpigia Twila simu kumpa pole. Shamba halikutajwa. Nani anataja shamba mtu akiwa na mipira puani?

Lakini Pardee walikuwa wanalitaja. Kwetu mtu akiugua hatumpelekei maua, tunampelekea matrekta. Mvua nzuri ilikuwa imenyesha, udongo una unyevu, na msimu wa kupanda mtama ulikuwa unakaribia kufunga mlango. Ngano iliyolala ikikatwakatwa na kufukiwa mara moja, mtama ukipandwa juu yake, Orlin angalau angekuwa na kitu cha kuvuna vuli. Leland ndiye aliyewakusanya watu pale kwenye ghala la ushirika, bila kumwambia mkewe, maana alitaka aje ashangae.

"Lakini Leland, limekaguliwa?" mmoja aliuliza, maana si kwamba hawakujua sheria.

"Alvina amekula," alisema Leland. "Vipande viwili. Twila mwenyewe alimwambia dada yake."

Basi. Hakuna aliyeuliza tena.

Jumamosi iliyofuata matrekta yakaingia kwa Orlin yamejipanga kama harusi. Wamenoni, Wakatoliki, hata yule Rucker ambaye hasali popote. Akina mama wakaleta biroki, mikate iliyojazwa kabichi na nyama, na chai ya barafu kwenye ndoo. Kijana mmoja mwenye haro, lile jembe la meno la kuvunja madongoa, aliuliza kama waache ukanda wa ngano katikati, kama inavyofanywa mara nyingine ili mkaguzi akija akute kitu cha kupima. Leland alimkatiza.

"Ukanda wa nini? Mtu yuko hospitalini, arudi akute shamba lake limeachwa na mikia kama kichwa kilichonyolewa na mlevi? Shambani kwako acha unachotaka. Kwa mgonjwa tunasafisha."

Wakasafisha. Walisafisha mpaka kwenye pembe, mpaka chini ya nguzo za umeme, ambako kwenye mashamba yao wenyewe huwa hawahangaiki. Jua linatua mtama ulikwisha kupandwa, na watu wazima wakasimama barabarani wanalitazama shamba na kukohoa ili wasilie. Nilikuwepo. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizoziona Pardee, na mpaka leo siwezi kuikumbuka bila kutaka kuvunja kitu.

Alvina alirudi Jumapili, baada ya misa. Leland alikuwa mlangoni, amevaa shati safi, uso unang'aa.

"Mama, twende nikuonyeshe kitu."

"Leland, miguu yangu haipo. Nionyeshe kesho."

"Leo. Utafurahi."

Akampeleka mpaka ukingoni. Alvina akatazama. Udongo mweusi, mistari iliyonyooka, hata bua moja la ngano hakuna. Akaweka kiganja mdomoni, Leland akadhani ni furaha.

"Umeona? Mpaka kwenye pembe!"

"Nani amewaambia mfanye hivi?"

"Nani atuambie? Mtu mgonjwa!"

"Leland, nani amewaambia kwamba limekwisha?"

"Si wewe? Ulikula pai!"

Alvina aliketi pale pale, kwenye nyasi za kando ya barabara, na gauni lake la kanisani. "Nilikula ya Topeka," alisema. "Ya Washington sikula bado." Na Leland, ambaye amelima maisha yake yote na ana bima mbili kama kila mtu, alielewa papo hapo. Shamba likifutwa kabla mkaguzi wa Washington hajalitazama na kutoa ruhusa, huhesabiwa kana kwamba lilivunwa kamili. Mwenye mavuno kamili hana hasara, na asiye na hasara halipwi.

Siku ile hawakula chakula cha mchana. Leland alizunguka jikoni kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Mwishowe akasema, bila kumtazama mkewe, "Ungeweza kusema ulikwisha kutoa ruhusa. Ulisahau kuandika tu. Nani atajua?"

"Rudia," alisema Alvina.

Hakurudia. Aliona haya, na haya hiyo ilikuwa ya kweli. Leland ni mtu wa matope mengi lakini si mwongo. Alvina alimhurumia, na pia alitaka kumpiga na sufuria. Alijikasirikia mwenyewe zaidi. Maneno aliyasema vizuri, kwa watu waliohusika. Lakini watu wa Pardee hawakuwa wakisikiliza maneno yake, walikuwa wakitazama sahani yake, na jambo hilo alilijua fika. Ambrose hakuwahi kumwambia afanye nini akiwa amemaliza nusu.

Kwa kuwa mumewe ndiye aliyeongoza matrekta, Alvina hakuruhusiwa kulishika jambo lile. Alitoa taarifa kama ilivyokuwa, na kampuni ikamleta mkaguzi mwingine kutoka upande wa pili wa jimbo, mama mmoja mpole aitwaye Janelle Stroud. Janelle alitembea shamba zima akitafuta hata kijikanda cha ngano. Alipomaliza alisimama karibu na Alvina, akavua glavu.

"Dada yangu, sijawahi kuona shamba lililolimwa vizuri hivi," alisema.

"Najua."

"Wangekuwa wavivu kidogo tu ningepata cha kupima."

"Najua, Janelle."

"Nisamehe. Hakuna mtu ninayeweza kumwomba."

Leland hakukubali kwamba hakuna wa kuombwa. Alipiga simu Topeka, ofisini kwa kamishna, akijua kwamba kamishna alikwisha kumshika mkono kwenye maonyesho na kumuuliza habari za ng'ombe wake. Alipokelewa na mama mwenye sauti ya bibi wa kanisani, na Leland akamsimulia yote, kiharusi, matrekta, pai. Alvina alikuwa amesimama karibu, akisikia.

"Bwana Dreiling," alisema yule mama, "bima ya mawe kama wamemcheleweshea nipe jina la kampuni sasa hivi, watalipa kabla ya Ijumaa. Lakini hii ya mavuno si yetu. Bunge la Washington ndilo lililoandika, na limetuambia kabisa tusiingize mkono."

"Mama, shamba liko Kansas. Mgonjwa ni wa Kansas. Kampuni ina ofisi Kansas!"

"Na mimi ni mtu wa Kansas, bwana, baba yangu amelima ngano. Ningekuwa na uwezo ningekuwa nimekwisha kuvaa koti nije huko."

Kisha yule mama akauliza, "Wewe mwenyewe una bima ya shamba? Ile inayolipa ukimharibia mtu mali yake?"

"Ninayo."

"Hiyo ni yetu," alisema.

Leland aliweka simu chini polepole. Akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile meno yakaonekana. "Alvina," alisema, "nimemharibia mtu mali yake!"

Basi hivyo ndivyo mlango wa pili ulivyofunguka, na ulikuwa mlango halali kabisa. Alvina aliufikiria kwa kila upande kabla ya kuuamini. Washington ilikataa kwa sababu majirani walilifuta shamba bila ruhusa. Kama walifuta bila ruhusa, basi wamemtia Orlin hasara, na bima ya Leland, inayosimamiwa na jimbo, ni ya kulipia hasara kama hiyo. Kilichotakiwa ni Orlin adai. Kampuni ya Leland ingepandisha bei yake, labda ingemfukuza. Leland hakujali. Alitembea na kosa lake kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Orlin alirejeshwa nyumbani mwezi Julai. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, mguu unaburutwa, na maneno yalimtoka moja moja, kila moja kwa jasho. Lakini akili ilikuwa nzima, na macho yalikuwa yale yale. Leland alikwenda siku ya pili tu, Alvina nyuma yake, akaketi mbele ya kiti cha mgonjwa.

"Orlin, nishtaki."

Orlin alimtazama.

"Nishtaki, nakuomba. Nimekufilisi. Nimeingia shambani kwako kama mwizi nikafukia ngano yako yote. Mtu mwenye akili angeniitia polisi."

"Leland," alisema Twila, "nenda nyumbani ukale kitu."

"Nimekula! Twila, mwambie anishtaki."

"Sisi hatushtaki watu, unajua. Tena wewe?"

Alvina aliona afadhali aingilie kabla mumewe hajapiga magoti. Akaeleza taratibu kwamba hakuna mahakama, hakuna hakimu, hakuna kiapo. Kampuni ya bima itamtuma mtu aje aulize maswali. Orlin ajibu ukweli, basi. Ukweli wenyewe utafanya kazi. Twila alifikiri, akamtazama mumewe. Walikuwa wamekwisha kupokea maneno ya benki, na yule mama wa Denver alikuwa amepiga simu kuuliza kwa upole kama mwakani bado watalihitaji shamba. Orlin alikuwa amezaliwa kwenye nyumba iliyotazamana na shamba lile.

"Kuulizwa tu?" alisema Twila. "Kuulizwa tunaweza. Ukiulizwa, unasema ukweli. Hilo halikatazwi." Orlin akainamisha kichwa kukubali. Kulala kwa Leland usiku ule, Alvina alisema baadaye, kulikuwa kwa mtoto mchanga.

Mtu wa kampuni alitoka Wichita mwanzoni mwa Agosti, kijana nadhifu aitwaye Tyson Hale, mwenye adabu na kinasa sauti kidogo. Twila aliwakaribisha sebuleni. Orlin kwenye kiti chake, Leland kwenye kochi mikono magotini, Alvina karibu na dirisha. Alikuwa amefanya kazi hiyo hiyo miaka mingi, akijua swali lipi lina uzito na lipi la kupitisha muda, na alikuwa amejiapiza kutofungua mdomo. Kijana aliuliza tarehe. Aliuliza ngano ilikuwaje. Aliuliza Orlin alikuwa wapi siku ile, na Twila akajibu kwa niaba yake: Wichita, chumba cha wagonjwa mahututi, hajui hata jina lake.

Kisha likaja swali lenyewe. Alvina alilitambua kabla halijamaliza kutoka.

"Bwana Koehn, ninahitaji unijibu mwenyewe, pole pole tu. Bwana Dreiling alikuwa na ruhusa yako kuingia kwenye shamba lako na kulima?"

Jibu lilikuwa neno moja, tena neno rahisi. Mtu aliyelala bila fahamu humpa nani ruhusa? Hapana. Baada ya hapo kampuni ingelipa, benki ingenyamaza, na mwakani Orlin, au yeyote atakayemshikia usukani, angepanda ngano. Leland alikuwa akitikisa kichwa polepole, kulia na kushoto, kama mtu anayemfundisha mtoto kusema. Alvina alimshika begani atulie.

Orlin alihangaika na mdomo wake. Jasho lilimtoka.

"Leland," alisema. Akapumzika. "Leland haombi... ruhusa. Kwangu."

Yule kijana alisubiri. "Unamaanisha hakukuomba, bwana?"

"Haombi." Alifumba macho akayatafuta maneno. "Haombi kwa sababu... anayo. Siku zote."

"Bwana Koehn, siku ile ulikuwa hujitambui. Ukisema alikuwa na ruhusa, basi hakukuharibia kitu, na kampuni haiwezi—"

"Sema hapana!" Leland alisimama. "Orlin, Mungu wangu, sema hapana! Umeambiwa useme ukweli!"

"Nimesema," alisema Orlin.

Kijana alimtazama Twila, labda akitumaini kwamba mke atasahihisha. Twila alikuwa analia bila sauti, lakini hakusahihisha. Ndivyo ilivyokuwa, naye alijua. Kijana akamtazama Alvina. Alvina aliyajua masharti ya Topeka na ya Washington kuliko alivyojua mapishi ya mama yake, na hakuna hata moja lililokuwa na nafasi ya kuandika jibu lile. Alimpenda Orlin kwa jibu hilo, na kwa dakika hiyo hiyo alimchukia kwa moyo wake wote, maana alimwona mumewe akiketi tena kwenye kochi na kuficha uso kwenye kofia yake.

Kinasa sauti kikazimwa. Kijana aliaga kwa heshima, akasema atafanya analoweza, na wote waliokuwa pale walijua hawezi lolote. Kampuni haikulipa. Washington haikulipa. Ya mawe ililipa mapema, yote, na ikaishia kwenye deni la hospitali. Oktoba Leland aliuvuna mtama wa Orlin kwa kombaini yake mwenyewe, akaupeleka ghalani kwa jina la Orlin, na hakuacha hata suke. Haukutosha. Benki ikafanya ilichosema itafanya, na msimu uliofuata shamba lile lililimwa na mtu mwingine.